Mwanangu hasemi, na shule imemrudisha nyumbani: nianzie wapi?

Swali: Mwanangu wa kwanza ana miaka mitano. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alikuwa akisema "mama", "maji" na "nyau", kisha maneno hayo yakapotea moja baada ya jingine. Sasa hasemi chochote cha kueleweka, ila huweza kulirudia tangazo zima la redio neno kwa neno. Ukimwita haitiki. Hupanga vizibo vya soda kwa mstari saa nzima, na pikipiki ikipita huziba masikio na kupiga kelele. Bibi yake alimpeleka akakatwa udata, baadaye akasomewa, lakini hali ni ile ile. Hospitali walisema ana usonji, wakatuambia tumpe muda. Mwalimu wa darasa la awali amesema nimkalishe nyumbani mpaka aanze kusema. Je, huu ni usonji kweli? Atasema lini? Nifanye nini? Nina pia binti wa miezi minane, na ndugu wananizuia nisimpeleke chanjo ya surua, wanasema ndiyo iliyomharibu kaka yake. (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Jibu: Dada yangu, nitaanza na agizo la mwalimu kwa sababu ndilo linalodhuru upesi kuliko mengine yote. Mtoto aliyekalishwa nyumbani mpaka aseme amewekewa sharti ambalo huenda asilitimize kwa miaka kadhaa, na wakati huo huo ameondolewa mahali ambapo angekutana kila siku na sababu za kutaka kuwasiliana: wenzake, uji wa saa nne, zamu ya kupanda bembea. Maoni yangu, ambayo nitayaeleza kwa kirefu, ni kwamba mwanao asisubiri kusema ndipo afundishwe. Apewe sasa njia ya kuwasiliana anayoiweza, iwe kwa picha, kwa ishara ya mkono au kwa kitu chenyewe, na usemi wa mdomo uendelee kufanyiwa kazi sambamba na njia hiyo.

Kuhusu swali lako la kwanza, hakuna mtaalamu mwaminifu atakayethibitisha usonji kwa kusoma barua, lakini uliyoyaandika hayako mbali na kile tunachokitafuta. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo misingi yake huwekwa mapema sana, mara nyingi kabla mtoto hajazaliwa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa nayo. Haina kipimo cha damu wala haithibitishwi kwa picha ya ubongo. Mtaalamu huitambua kwa kumhoji mzazi historia ya mtoto tangu uchanga, na kwa kumtazama mtoto mwenyewe akicheza. Hutazama pande mbili kwa pamoja. Upande wa kwanza ni namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu: kuitika jina, kumtazama mtu usoni ili wafurahi pamoja, kunyosha kidole kuonyesha ndege inayopita. Upande wa pili ni kurudiarudia mambo, kushikilia utaratibu ule ule, kuzama katika kitu kimoja kama hivyo vizibo, na milango ya fahamu inayopokea sauti, mwanga, mguso au ladha kwa ukali kupita kiasi, au pengine kwa uhafifu kupita kiasi. Barua yako inagusa pande zote mbili, na kupotea kwa maneno katika mwaka wa pili wa maisha ni jambo ambalo wazazi wengi wa watoto hawa hutusimulia.

Hata hivyo, kuambiwa "mpeni muda" si tiba, na ukirudi hospitali kuna mambo mawili unayopaswa kuyadai. La kwanza ni kipimo cha masikio. Ndugu watasema kwamba mtoto anayeliigiza tangazo la redio hawezi kuwa kiziwi, na kweli si kiziwi, lakini mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio husikia vizuri leo na vibaya wiki ijayo, na sauti nyembamba za maneno humpita. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwenu ni Bombo, na ikiwa hakuna kipimo kinachomfaa mtoto asiyeweza kujibu maswali, omba uandikiwe rufaa ya kwenda hospitali kubwa ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. La pili ni kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine, na ambacho si lazima kije kwa kuanguka na kutoka povu. Ukimwona ameganda ghafla, amekodoa macho kwa sekunde kadhaa na hata ukimgusa hashtuki, au viungo vyake vinarukaruka mara kwa mara anapoamka, mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika humsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Udata, katika jambo hili, haukuwa na kesi ya kujibu. Kile kiutando cha chini ya ulimi kikiwa kifupi huweza kumtatiza mtoto mchanga kunyonya, na baadaye kumharibia matamshi ya herufi kadhaa, lakini hakimzuii mtoto kulitambua jina lake wala kunyosha kidole. Mtoto ambaye tatizo lake ni ulimi tu hukuvuta kanga mpaka kwenye ndoo ya maji, hukutazama usoni kuhakikisha kwamba umeelewa, na ukimletea kitu kingine hukasirika na kukuonyesha tena. Ulimi umekataa, ila mwili mzima unasema. Tofauti hiyo unaweza kuiona mwenyewe sebuleni kwako bila kifaa chochote. Wembe wa mtaani, kwa upande wake, huleta damu na maambukizi, kwa hiyo tafadhali mdogo wake asipelekwe.

Kuhusu kusomewa, siwezi kumwambia mtu aache kumwombea mwanawe. Utafiti uliofanyika pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliwahoji wazazi na wataalamu wa makabila na dini mbalimbali, na wengi walitaja pepo, uchawi au laana pamoja na sababu za kitabibu, tena familia ile ile ilikwenda hospitali na kwa mganga kwa zamu. Ndivyo tulivyo. Mpaka wangu ni mmoja: dua isiyomgusa mtoto vibaya haina neno, lakini anayetaka kumfukiza, kumfunga, kumshindisha njaa au kumpiga ili kitu kimtoke, huyo anamtesa mtoto, na mtoto huyu hana maneno ya kukusimulia aliyotendewa. Bibi yake usimgeuze kuwa mshitakiwa. Ndiye aliyechukua hatua wakati wengine mlikuwa mkisubiri, na bibi mwenye subira, akionyeshwa la kufanya, huwa mwalimu mzuri kuliko wengi waliosomea.

Wala wewe usijishitaki. Daktari Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 wa aina hii huko Marekani mwaka 1943, haikuchukua muda kabla ya lawama kuwaangukia akina mama, eti walikuwa baridi na hawakuwapenda watoto wao, na lawama hiyo ilidumu kwa miongo kadhaa hospitalini na vyuoni kabla ya kutupwa. Tafiti za mapacha na za familia zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya chanzo ni vinasaba. Hukumkaripia mno, hukumpeleka kwa yaya mbaya, wala televisheni haikumtia usonji, ijapokuwa televisheni ya kutwa nzima inamwibia saa ambazo angecheza na mtu. Kuna pia watu watakaowashauri muache kumsemesha Kidigo au Kisambaa ili asichanganyikiwe. Huo ni ushauri usio na msingi. Watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili hawajaonekana kuchelewa zaidi kuliko wenzao wa lugha moja, na mtoto aliyenyimwa lugha ya bibi yake amenyimwa bibi.

Atasema lini? Sitakutajia mwezi wala mwaka, ila naweza kukupa kipimo cha matumaini kisicho cha kubahatisha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulipitia taarifa za watoto 535 wenye usonji waliokwisha kufika miaka 8, ambao walipokuwa na miaka 4 lugha yao ilikuwa imechelewa vibaya na walikuwa bado hawajaanza kuunganisha maneno. Takriban asilimia 70 walikuwa wamefikia kuunganisha maneno, na karibu nusu ya wote walikuwa wakizungumza kwa ufasaha. Watoto hao walikuwa na huduma ambazo wengi wetu hatuna, hivyo usizichukue namba hizo kama ahadi. Zichukulie kama jibu kwa yeyote anayekwambia kwamba mlango umefungwa kwa kuwa mtoto amefika miaka mitano. Zinaonyesha pia, kwa upande wa pili, kwamba wapo ambao hawatasema sana kwa mdomo, na mtoto wa namna hiyo hawezi kuachwa bila njia ya kuomba maji kwa miaka yote hiyo tunayosubiri tujue yuko kundi gani.

Lile tangazo la redio, kwanza, ni habari njema. Mtoto anayelirudia neno kwa neno ana masikio yanayonasa, ana kumbukumbu, na ana kinywa kinachoweza kutamka. Kilichobaki ni kuyafunga maneno kwenye maana. Sikiliza analisema wakati gani. Watoto wengi hutumia kipande walichokikariri kueleza hali fulani, kwa mfano huanza tangazo la sabuni kila wanapotaka kuoga, au kipande cha taarifa ya habari wanapoogopa. Ukigundua kwamba analisema kila akiwa na njaa, usimnyamazishe. Mjibu kwa neno fupi unalotaka alijue, "chakula", huku ukimwonyesha sahani, kisha mpe. Zungumza naye kwa maneno machache zaidi ya uliyozoea. "Viatu. Vaa viatu" humfikia kuliko "hebu mwanangu fanya haraka uvae viatu vyako tumechelewa jamani".

Sasa nikueleze zoezi moja kwa ukaribu, kwa kuwa ndilo ningependa muanze nalo wiki hii. Limetokana na njia ya kubadilishana picha iliyobuniwa Marekani mwaka 1985, na halihitaji fedha nyingi. Chagua kitu kimoja anachokipenda kupita vyote na ambacho hawezi kujichukulia mwenyewe. Tuseme ni kashata. Ipige picha kashata yenyewe kwa simu, uichapishe steshenari kwa ukubwa wa kiberiti, na uifunike kwa nailoni ngumu ili isichanike. Mnahitajika watu wazima wawili. Wewe kaa mbele yake ukiwa umeshika kipande kidogo cha kashata anachokiona, na baba yake au bibi akae nyuma yake. Picha iwe mezani katikati yenu. Usimuulize "unataka nini", usimwambie "sema kashata", nyamaza kabisa. Atanyosha mkono kutaka kunyakua kashata, na hapo hapo yule aliye nyuma, naye bila kusema neno, auongoze mkono wa mtoto kuichukua picha na kuiweka kwenye kiganja chako kilicho wazi. Picha ikigusa kiganja chako tu, sema "kashata!" kwa furaha na umpe papo hapo. Kipande kiwe kidogo ili atake tena. Rudieni mara kumi, kisha mpumzike, na kila siku aliye nyuma apunguze kumsaidia: kwanza ashike mkono, kisha aguse kiwiko tu, kisha asimguse.

Siku atakayoiokota picha mwenyewe na kukupa, atakuwa amefahamu jambo ambalo tangazo la redio halijamfundisha, kwamba mtu mwingine ndiye wa kuendewa unapotaka kitu. Ndipo usogee hatua mbili nyuma ili akufuate, ndipo uongeze picha ya pili na ya tatu, maji, bembea, choo, na hatimaye picha ya kukataa, ambayo wazazi huisahau ingawa ndiyo inayopunguza mayowe kuliko zote. Mtoto anayeweza kukupa picha ya "sitaki" na akaheshimiwa, walau mara nyingi, hana haja ya kukung'ata. Watu watakutisha kwamba picha zitamfanya awe mvivu wa kusema. Mapitio ya tafiti hayajaonyesha hivyo. Baadhi ya watoto hubaki na idadi ile ile ya maneno na wengine huongeza, na sababu si ngumu kuiona, maana kila picha inayotolewa huambatana na neno linalosikika wakati mtoto anapolihitaji.

Picha hizo hizo ndizo zitakazomsaidia kujua siku yake inakwendaje. Chukua kipande cha boksi, pachika picha nne au tano kwa mpangilio wa kushuka, kwa mfano kuoga, kuvaa, chai, shule, nyumbani, na jambo likiisha abandue picha mwenyewe na kuitia kwenye kikopo. Kibandiko cha kushikana kilichotolewa kwenye viatu chakavu vya watoto kinafaa kabisa kwa kazi hii. Vurugu nyingi za watoto wenye usonji hutokana na badiliko ambalo hawakulijua, na sisi watu wa familia kubwa tuna mabadiliko mengi: wageni wamekuja, umeme umekatika, leo tunapitia njia ya sokoni. Badiliko haliwezi kuepukwa, lakini linaweza kuonyeshwa kabla halijafika.

Pikipiki ni suala jingine, na hapa nataka kutofautisha kudeka na kuzidiwa. Mtoto anayedeka hukutazama aone kama unamtazama, na akipewa anachotaka huacha. Aliyezidiwa hatazami mtu. Sauti, joto, harufu au msongamano umempita uwezo, na hata ukimpa peremende hawezi kujituliza. Huyo hafundishwi wakati huo, wala hachapwi. Punguza maneno, punguza watu, mpeleke penye kivuli na ukimya, zuia asijiumize, na usubiri. Baadaye, mambo yakitulia, jiulize kilichotangulia. Kwa sauti kali, vile viziba masikio vikubwa wanavyovaa mafundi wa mashine hufanya kazi nzuri, avae barabarani na wakati wa spika za sherehe, si kutwa nzima. Kunyolewa kwa mashine kunaweza kubadilishwa kuwa mkasi, lebo za shingoni za sare zikatwe, na ikiwa hakubali kula chochote isipokuwa wali mweupe na chipsi, chakula kipya kiwekwe kidogo pembeni ya sahani siku nyingi kabla hajatakiwa kukigusa.

Kuhusu usalama sitasema mengi, ila nasisitiza. Watoto wenye usonji hutoroka bila kuogopa, wengi huvutwa na maji, na kuzama ni kati ya sababu kubwa za vifo vyao. Nanyi mnaishi mji wa bahari. Kisima kifunikwe, komeo la mlango liwe juu asipolifikia, majirani na madereva wa bodaboda wa kijiweni wajue kwamba wakimwona peke yake wamrudishe, na afundishwe kuogelea mapema iwezekanavyo.

Nirudi shuleni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama watoto wengine, na hakuna mahali inapomtaka aseme kwanza. Usiende na sheria mkononi siku ya kwanza, hata hivyo. Mwalimu wa awali mwenye watoto themanini na chumba kimoja hakukufukuza kwa ubaya. Aliogopa, na huenda hakuna aliyemfundisha la kufanya. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa utulivu, na kama haikusaidia, onana na afisa anayesimamia elimu maalumu katika halmashauri yenu, umwombe mtoto apimwe na ushauriwe kuhusu shule yenye kitengo au yenye mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Wengi wao wamepitia Chuo cha Patandi, Arusha. Dar es Salaam kuna shule za msingi za serikali zenye vitengo vya watoto wenye usonji, kama Msimbazi Mseto na Mbuyuni, nazo zinafaa kutembelewa ukipata safari ya huko, lakini sikushauri kuhama mji na kumwacha baba na bibi. Kitengo kizuri kilicho mbali na watu wanaomjua mtoto kinaweza kumgharimu zaidi ya kinachompa.

Mwandikie mwalimu ukurasa mmoja, si zaidi, kwa sababu hatasoma zaidi. Andika mambo ambayo yeye atayaona kwa macho yake: mtoto akiziba masikio maana yake kelele imemzidi, atoke nje dakika tano na msaidizi au mwanafunzi mkubwa, akikupa picha ya choo mruhusu mara moja, umwite ukiwa mbele yake, si kutoka ubaoni, ukitaka aketi, sema "kaa", usiseme "acha kuzunguka". Omba akae pembeni karibu na ukuta, mbali na mlango na dirisha la barabarani, apewe kazi fupi yenye mwisho unaoonekana, kama kupanga vizibo kumi kwa rangi na kuvihesabu, na baada ya hapo aruhusiwe kuvipanga apendavyo. Vile vizibo unavyoviona kama tatizo ndivyo vitakavyomfundisha hesabu. Ikiwa mwalimu atahofia, mwombe aanze kwa saa mbili kwa siku, mpaka uji wa saa nne, na wiki kadhaa baadaye muongeze. Fimbo isiguswe, mtoto asiyejua kwa nini amechapwa hujifunza tu kuiogopa shule. Wanafunzi wenzake nao waambiwe ukweli mfupi, kwamba mwenzao anasikia kelele kuliko wao na anaomba kwa picha. Watoto wa miaka mitano hulizoea jambo kama hilo haraka kuliko wazazi wao.

Yule mtoto wa kwanza katika wale 11 wa Kanner, Donald Triplett, alikwisha kupelekwa katika taasisi ya kulelea watoto akiwa na miaka 3, wazazi wake wakamrudisha nyumbani mwaka uliofuata. Aliishi katika mji wake mdogo wa Forest, Mississippi, akasoma, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Hakuacha kuwa na usonji. Familia yake ilikuwa na uwezo, hilo lisemwe, lakini mji nao ulimzoea ukamwacha aishi kama alivyo.

Kwa kuwa sasa jina la usonji limetamkwa nyumbani kwenu, wauzaji watawafikia. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Sindano za chembe shina, dawa za kutoa madini mwilini, na matone ya klorini ya kunywa ni upotevu wa fedha kwa bora yake, na sumu kwa ubaya wake. Dawa kama risperidoni zipo, na huandikwa na daktari pale mtoto anapojiumiza au kuwaumiza wengine na njia nyingine hazikutosha, hazifundishi lugha. Fedha mliyo nayo iende kwa mtaalamu wa usemi na lugha au wa tiba kwa vitendo, yaani anayemfundisha mtoto shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, hata kama ni mara moja kwa miezi kadhaa, mradi awafundishe ninyi wazazi cha kufanya siku zilizobaki. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeandaa mafunzo ya walezi ya vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa. Uliza hospitalini na katika vyama vya wazazi kama yanatolewa. Ukikosa, watafute wazazi wengine wa Tanga wenye watoto kama wako. Wapo zaidi ya unavyodhani, wengi wamejifungia.

Sasa binti yako. Mpeleke chanjo akifika miezi tisa, bila kusita. Uvumi huu ulianzia Uingereza mwaka 1998, katika andiko la jarida la The Lancet lililohusu watoto 12 tu na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Jarida lililifuta andiko hilo mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto 657,461 na haukuona usonji zaidi kwa waliochanjwa kuliko kwa wasiochanjwa. Ninaelewa kwa nini ndugu zako wanaona uhusiano: kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi tisa na tena miezi kumi na minane, na mwanao alianza kupoteza maneno takriban umri huo wa pili. Lakini huo ndio umri ambao maneno hupotea kwa watoto hawa, hata wale ambao hawakuchanjwa. Surua, kwa upande wake, huua watoto, na huwaacha wengine viziwi.

Usichouliza, lakini nadhani unakifikiria, ni kama naye atakuwa hivyo. Tafiti kubwa za wadogo wa watoto wenye usonji zimekuta kwamba takriban mmoja katika kila watano huwa nao pia, wavulana zaidi kuliko wasichana. Maana yake wanne kati ya watano hawana, na yule wa tano hufaidika sana akitambuliwa mapema. Kwa hiyo mtazame bila kumchunguza kutwa. Akikaribia mwaka mmoja angalia kama hugeuka akiitwa jina lake na mtu asiyemwona, kama hucheka nawe kwa zamu na kupunga mkono. Akipita mwaka na miezi michache, kama hunyosha kidole kukuonyesha kitu kwa furaha tu bila kukitaka. Ukiona hayo hayajatokea, au yalitokea yakapotea, usingoje afike miaka mitatu. Mpeleke apimwe masikio na ukuaji, ukiwa na kadi yake ya kliniki na video za simu, na umwambie daktari mwanzoni kabisa kwamba ana kaka mwenye usonji.